Msiba Hausemwi Njiani

Kazini kwangu Lidcombe, katika makao ya wazee jijini Sydney, mzee akifariki, mara nyingi mimi ndiye ninayewapigia watoto wake simu. Tumefundishwa namna ya kufanya. Unajitambulisha, unauliza kama mwenzio yuko mahali anapoweza kuketi, kisha unalitaja neno lenyewe: amekufa. Husemi ametutoka, husemi amepumzika, wala husemi hali yake si nzuri wakati mwili umeshaanza kupoa. Mwalimu wetu alikuwa akirudia kwamba kuzunguka mbuyu ni kumtesa mtu mara mbili. Nimepiga simu hizo kwa miaka kumi na minne na sijawahi kulalamikiwa. Kwa hiyo nisemapo kwamba nilimficha baba yangu kifo cha mwanawe kwa siku tatu, kutoka nyumbani kwetu Granville mpaka kwenye milima ya kaskazini mwa Uingereza, sitajitetea kwamba sikujua njia nyingine. Nilikuwa naijua kuliko wengi.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alikwenda Uingereza kusoma, masomo yakamshinda, akabaki hukohuko, akawa dereva wa basi la wanafunzi katika mji mdogo wa milimani. Alioa msichana wa Kikongo ambaye wazazi wake walikimbia vita mashariki mwa Kongo na kupewa makao katika mji huohuo. Jumapili moja, asubuhi ya kwao na jioni ya kwetu, alianguka jikoni. Mkewe alinipigia akilia: mshipa umepasuka kichwani, yuko kwenye mashine, madaktari hawaahidi kitu. Siku hiyo hatukumficha Baba lolote, maana ugonjwa husemwa. Aliambiwa akiwa kwenye kochi langu, viatu vya kanisani bado miguuni. Akauliza swali moja tu: ndege inaondoka lini?

Nikapata nafasi za Alhamisi.

Baba anaishi nami tangu mama yetu alipofariki, na sasa ana pasipoti ya Australia ambayo huitunza ndani ya Biblia. Kule Kenya alikuwa mnyapara wa genge la reli kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Watu kumi na wawili walikuwa chini yake, na nyundo, na sururu, na kipande cha njia walichokipalilia kama shamba la mahindi. Treni zenyewe hazimshughulishi sana. Yeye hutazama kilicho chini ya treni. Siku nyingi huchukua kadi yake ya wazee, hupanda treni vituo vitatu mpaka Lidcombe, ambako njia nyingi hukutana, hukaa kwenye benchi na kuwatazama mafundi wa reli wenye makoti ya rangi ya chungwa. Jioni hurudi na malalamiko. Kokoto ni chache, maji yametuama, vijana wanaongea na simu.

"Adui wa reli si treni," huniambia. "Ni maji."

Jumatano alasiri alikuwa hukohuko Lidcombe, anatuliza roho, nami niko nyumbani nafunga mizigo. Shangazi yangu akapiga simu kutoka Nakuru.

"Umekaa?" akaniuliza.

Hilo ni swali langu mimi. Nikakaa sakafuni kati ya masanduku, na sikuhitaji tena kusikia lililofuata.

Mdogo wangu alikuwa amekufa alfajiri ya siku ileile, kwa saa za Uingereza. Na kabla sijamaliza kulia, shangazi alikuwa ameshapita kwenye machozi na kufika kwenye mipango. "Mzee asiambiwe," alisema. "Msiba hausemwi njiani. Mtu huambiwa akishafika, ameketi, amekunywa maji, na watu wamemzunguka. Wewe kazi yako ni kumfikisha tu."

"Shangazi, nitakaaje naye siku tatu?"

"Utakaa. Sisi tulikaa na wewe."

Ni kweli. Mama yetu alipofariki, nilisafirishwa kutoka Sydney mpaka Nakuru nikiambiwa kwamba Mama amezidiwa kidogo na anataka kuniona. Nilifika na dawa za presha kwenye mkoba. Nilipoona viti vimepangwa uani niligeuka nikimbie, nikadakwa na wanawake. Nilikasirika mwaka mzima. Niliapa kwamba mimi sitamfanyia mtu hivyo kamwe, na nikaenda nikajiandikisha kwa mafunzo yale ya kupiga simu.

Nilipofungua simu nikakuta nimeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Lilikuwa na jamaa wote isipokuwa Baba. Huko ndiko kulikojadiliwa jeneza na kaburi. Lile kundi la zamani, ambalo Baba yumo, liliachwa liendelee kama kawaida ili asishtuke, na kuendelea kama kawaida maana yake ilikuwa kuendelea kumwombea mgonjwa. Watu wazima, wazee wa kanisa, walikuwa wakiandika salamu za rambirambi huku na maombi ya uponyaji kule, kwa vidole vilevile. Mjomba wangu mmoja alikosea kundi, akafuta haraka. Sijui kama kuna kabila lingine duniani linaloweza kuendesha jambo kama hilo bila hata mtu mmoja kucheka.

Nilikwenda Lidcombe kumchukua. Nilimkuta kwenye benchi lake, kofia magotini. Nikaketi kando yake, na neno lilikuwa mdomoni. Nililisikia kabisa, kama kokwa.

"Wameweka mataruma ya zege pale chini ya reli," akasema, akinyoosha kidole. "Wamechelewa, lakini wameweka." Kisha, "Kuna habari?"

"Vilevile," nikasema.

Nilichagua neno hilo kwa hila. Maiti naye yuko vilevile. Niliona nimepata njia ya kutodanganya, na nikaitumia tena na tena mpaka ikachakaa.

Usiombe kulijua jambo ambalo mwenzio mezani halijui. Wakati wa chakula Baba alivaa miwani akanisomea maombi kutoka kwenye kundi, mstari kwa mstari. "Unaona watu wanavyompenda?" akasema. "Hata mjomba wako, ambaye hajui kuandika." Binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye anakielewa Kiswahili chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, aliinuka akanifuata jikoni, macho mekundu.

"Mum, that's his son. You have to tell him."

"Nyamaza," nikamwambia. "Hujui."

"You do this for work!"

Nikamfungulia bomba la maji ili babu yake asisikie. Asubuhi yake jirani yetu, mama wa Kikongo tunayesali naye, alikuja na mfuko wa vitumbua vya safari. Yeye alikuwa ameshaambiwa. Alimkumbatia Baba kwa muda mrefu mno, akasema, "Papa, courage," yaani jipe moyo, akatoka mbio bila kunywa chai. Baba alimtazama akienda. "Yule mama ana huruma," akasema. "Mtoto mwenyewe hajawahi hata kumwona."

Uwanja wa ndege nilimwomba simu yake nikamwambia laini ya Australia haifanyi kazi ng'ambo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na ndege mbili na treni tatu.

Sasa niseme jambo lililokuwa kati ya Baba na mdogo wangu, maana bila hilo haya mengine hayana uzito. Miaka kumi nyuma, mdogo wangu alipotaka kuoa, alimpigia Baba simu akamwomba aende Uingereza kumsemea. Kwetu kijana hajisemei. Baba yake husimama mlangoni kwa wakwe, hukohoa, husema tumekuja, tumeona ua katika bustani yenu, na hayo mengine. Nauli nilikuwa tayari kuitoa mimi. Baba alikataa. Alikuwa amekasirika kwamba msichana si wa kwetu, kwamba hakushauriwa, na kwa hasira akasema neno ambalo nililisikia kwa masikio yangu, mezani kwangu Granville: "Sipandi ndege kwenda kubisha hodi kwa wakimbizi."

Mdogo wangu alitafuta mzee wa kanisa, Mkenya, akamsemea. Harusi ikapita. Baada ya mwaka wakaanza tena kupigiana simu, wakizungumza habari za mvua, na bei ya petroli, na reli. Reli ndiyo iliyowapatanisha, kama kupatana ni huko. Maana katika mji ule inapita njia ya zamani sana iliyochimbwa milimani kwa mikono, yenye madaraja ya mawe na mahandaki, na watu hutoka mbali kuja kuipanda kwa ajili ya kutazama tu. Mdogo wangu alikuwa akimtumia Baba picha zake. "Njoo uione, Baba. Njoo nikupandishe." Na Baba kila mwaka alijibu neno moja: mwakani.

Ndiyo sababu, tulipofika Leeds siku ya Ijumaa, na yule baba mkwe wa mdogo wangu akataka kutufuata kwa gari, Baba alikataa. "Mwanangu alisema nipande ile treni," alisema. "Nitafika kwake kwa treni ile." Nikampigia baba mkwe pembeni kumweleza. Akashusha pumzi. "Ni muzuri," akasema. "Mukuje kesho na treni. Sisi tutapata wakati ya kupanga viti."

Jumamosi saa nne asubuhi tukapanda. Nilikuwa nimetarajia moshi na king'ora. Kumbe ni treni ya kawaida ya dizeli, mabehewa mawili, imejaa wastaafu wenye chupa za chai na vijana wenye viatu vya kupandia milima. Lakini kila kituo kilikuwa kimepakwa rangi ya kizamani, na maua kwenye ndoo, na mabango ya mbao. Mzee mmoja wa kujitolea alipita akiuza vijitabu vya historia ya njia. Baba akanunua kimoja, akakikalia. Hakutaka kusoma, alitaka kusikia.

Kwa saa ya kwanza nilimwona baba yangu wa zamani, yule aliyekuwa akirudi nyumbani na vumbi la kokoto kwenye nyusi. Aliegemeza sikio kwenye dirisha. Nje vilima vilikuwa vikubwa, vya kijani kilichochujuka, bila miti, vimegawanywa kwa kuta za mawe zilizopanda mpaka juu kabisa ambako hakuna anayeishi. Kondoo walikuwa wametapakaa kote. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na hakuna aliyeijali.

"Tunapanda," akasema Baba. "Unasikia injini inavyokaza? Lakini mwinuko wenyewe ni mpole. Waliojenga hapa hawakukimbilia juu. Waliuzungusha mlima taratibu. Na angalia mifereji." Akanishika mkono. "Angalia mifereji, mama. Kila mahali maji yana njia yake. Hawa watu wameielewa hii kazi."

Mbele yetu alikaa Mwingereza mmoja mzee, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni. Alimsikia Baba, akauliza kama amewahi kufanya kazi ya reli. Baada ya hapo mimi nikawa abiria tu. Walizungumza kuhusu mashine za kuondolea theluji na vichwa vya treni vya makaa, na kuhusu vibarua waliokufa wakijenga, kwao na kwetu. Baba alimweleza kwamba reli yetu ilizika watu wengi ambao hata majina yao hayakuandikwa. Mwingereza akasema hata hapa wako makaburini, karibu na makanisa ya njiani, wengine na watoto wao.

"Na huko juu una jamaa?" Mwingereza akamuuliza.

"Mwanangu," Baba akajibu. "Ni mgonjwa. Lakini ana nguvu, ni mtoto wa reli."

Yule mzee akamwambia atamwombea. Nikageuza uso nikatazama kondoo.

Kisha tukafika kwenye daraja kubwa. Treni ilipunguza mwendo, na abiria wote wakasimama wakajazana upande mmoja na simu zao, maana njia inapinda pale na matao yote huonekana kwa pamoja, mawe juu ya mawe, na bonde chini kabisa. Baba hakusimama. Alifumba macho.

"Sikia," akasema. "Daraja likiwa zima, linalia sauti moja."

Alisikiliza mpaka mwisho. Alipofumbua macho na kuwaona wale watu walivyobanana upande mmoja, wengine wakipanda juu ya viti, akasema, "Watatupindua hawa," akacheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka yule Mwingereza naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumapili. Nami nilitabasamu. Ninalikumbuka tabasamu hilo mpaka leo, na ninalionea aibu.

Baada ya daraja likaja handaki refu, na baada ya handaki kituo cha juu kuliko vyote, ambapo Mwingereza alishuka na fimbo yake. Behewa likawa nusu tupu. Baba akavua kofia, akaiweka magotini, akanigeukia.

"Wewe ni nesi," alisema. "Niambie ukweli. Mtu akiwa kwenye mashine, anasikia?"

"Tunaamini kwamba anasikia," nikasema. Hilo ndilo tunalowaambia jamaa. "Tunaamini masikio ndiyo hufunga mwisho."

"Basi tukifika, nisikalishwe. Wala chai sitaki. Nipelekwe kwake moja kwa moja." Alikuwa akizungumza polepole, kama mtu aliyekariri. "Nataka baba wa mkewe awepo pale kitandani, na mkewe awepo. Nataka kusema mbele yao kwamba siku ile mimi nilipaswa kusimama mlangoni kwao nikamsemea mwanangu, na sikusimama. Na nilisema neno baya. Nimekaa nalo miaka kumi. Nataka anisikie nikilirudisha." Akapangusa goti ambalo halikuwa na kitu. "Hata kama hawezi kunijibu. Mradi anasikia. Atanisikia, mama?"

Neno langu la hila halikufaa tena. Naweza kumwambia mtu kwamba mgonjwa yuko vilevile. Siwezi kumwacha mtu abebe toba yake mpaka mlangoni, aingie nayo, akute viti. Niliwaza hivyo, ama nilijiambia baadaye kwamba niliwaza hivyo. Huenda nilikuwa nimechoka tu. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikasogea nikamtazama machoni, nikaweka mkono wangu karibu na wake bila kumshika, nikashusha sauti.

"Baba, hatakusikia. Amekufa."

Hakushtuka. Macho yake yalibaki juu yangu, makavu.

"Lini?"

"Jumatano. Alfajiri ya huku."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu siku. "Ulipokuja Lidcombe kwenye benchi, ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Baba."

"Nilipokuwa nakusomea maombi."

"Ndiyo."

"Na hapa darajani. Umeniacha nicheke."

Hakulisema kwa ukali. Angenipiga kofi ningepata mahali pa kujificha. Nikaanza kulia, mimi mwenye mafunzo, kwa kelele, kamasi zikinitoka, na mama mmoja wa viti vya nyuma akainuka kututazama. Baba alitoa leso yake akanipa.

"Futa uso," akasema. "Watu wanatazama."

Kisha akageukia dirishani, akaanza kunieleza mifereji. Naapa. Ule umeziba, tazama majani. Huu umezibuliwa juzi. Pale wamejenga ukuta wa kuzuia udongo, na wamefanya vizuri kuacha matundu ya maji. Aliendelea hivyo kituo baada ya kituo, kwa sauti yake ya kazini, na kila mara alinigusa kiwiko ili nitazame. Nami nilitazama. Moyoni nilianza kumkasirikia. Nikasema, mzee huyu ni jiwe, mwanawe amekufa na yeye anahesabu mifereji. Nesi ndani yangu akasema ni mshtuko, mpe muda. Wote wawili tulikuwa hatujui kitu.

Tulipokaribia, akauliza, "Nani alisema nisiambiwe?"

"Shangazi. Wote, Baba. Hata kule wamejiandaa. Kuna mchungaji, na watu wameitwa tangu asubuhi."

Akavaa kofia, akaiweka sawa kwa mikono miwili.

"Basi mimi sijaambiwa kitu," akasema. "Umenisikia? Usinitie aibu, na usijitie."

Kituoni alikuwa anatungoja kivyele wake, yaani baba wa mke wa mdogo wangu, mtu mrefu mwenye suti nyeusi iliyombana. Hawakuwahi kuonana hata siku moja. Alimkumbatia Baba palepale kwenye mvua. Baba akamuuliza, na sauti yake haikutetereka, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Yule mzee akatazama chini. "Tutasemea ku nyumba, Papa. Mutapumuzika kwanza."

"Haya," Baba akasema. "Twendeni."

Nyumba ilikuwa mwendo mfupi, nyumba ya mawe kama nyingine zote, na viatu vimejaa mlangoni. Wimbo uliokuwa ukiimbwa ndani ukakatika tulipofika. Sebuleni viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani, Wakongo na Wakenya, na Waingereza wawili watatu wa kule alikokuwa akiendesha basi. Baba alikaribishwa kiti cha katikati. Akakaa. Akaletewa maji, akanywa glasi nzima. Yote aliyoniambia kwamba hataki, alikubali moja baada ya jingine. Nilibaki mlangoni na begi begani, nikidhani atanigeukia mbele ya watu.

Kivyele wake akasimama, akakohoa.

"Papa," akasema, "ulitupatia mutoto. Tulimupokea, akakuwa mutoto wetu. Alikula na sisi, alisali na sisi. Leo hatuko naye tena, Papa. Mungu alimubeba."

Baba aliinua uso.

"Lini?" akauliza.

"Mercredi, Papa, Jumatano. Asubui."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasimama, bila kusaidiwa, akaifuata ile njia fupi kati ya viti mpaka mlangoni nilipokuwa, akanipita, akatoka nje kwenye mvua. Watu wakatazamana. Yeye akageuka huko nje, akavua kofia, akakohoa, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Hodi hapa," akasema. "Nimekuja kumsemea mwanangu. Nimechelewa."

Hakuweza kuendelea. Miguu ilimwisha palepale kizingitini, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia, hata siku ya Mama. Kivyele wake alimfikia wa kwanza. Walimwingiza wanaume wanne, nami kwa mazoea ya kazi niliwahesabu: wawili mabegani, mmoja kiunoni, mmoja ameshika kichwa kisigonge mlango. Wanne, na bado walikuwa wakiyumba. Kule kwenye treni nilikuwa mmoja, tena ninalia. Alilitazama hilo, akaona sitamweza, akanionyesha mifereji mpaka tulipofika kwa watu.